Kivuli cha Zuhura, Miringaringa Yangu

Vijana wa kitalu, mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi, jinsi tulivyokuwa tunaotesha miti kabla ninyi hamjazaliwa. Nitaandika. Lakini niwaambie mapema msije mkanilaumu baadaye: siwezi kuandika habari za miti bila kumtaja Zuhura, na siwezi kumtaja Zuhura nikabaki nimetulia. Kazi nilistaafu vizuri, nikapewa blanketi, saa ya ukutani na hotuba. Wivu haukustaafu. Upo hapa nyumbani Gitting pamoja nami, mzima wa afya, na asubuhi unaamka kabla yangu.

Zuhura ni mtoto wa wafanyabiashara wa Katesh. Wazee wake walitoka Kondoa wakafungua duka la vitenge na mafuta ya taa karibu na soko. Mimi ni Paulina, binti wa wakulima wa Tumati kule Mbulu, niliyeolewa huku Hanang. Tuliajiriwa kitaluni asubuhi moja. Tulipewa keni za kumwagilia zinazofanana na makoti ya bluu yanayofanana, ila lake liliburuzika chini na langu liliishia kiunoni, kwa sababu yeye ni mfupi na mimi Mungu alinivuta kidogo. Yeye akapangiwa miti ya kigeni: migrevilea, mikaratusi na mijakaranda. Mimi nikapangiwa miti ya asili. Siku hiyo nilifurahi sana, nikadhani nimependelewa.

Msimamizi wetu alikuwa Mzee Gwandu, mtu mpole aliyependa udongo kuliko watu. Kila asubuhi alipita kwenye lundo la udongo wa viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche, akachota konzi na kulifinya. Likibaki donge gumu anasema, "Ongezeni mchanga." Likimwagika lote katikati ya vidole anasema, "Ongezeni samadi." Likishikamana halafu likavunjika lenyewe ukiligusa kwa kidole gumba, hasemi kitu, anaenda kunywa uji wake. Mkisahau yote niliyoandika hapa, hilo la konzi msilisahau. Nimeona vitalu vyenye mabomba ya kisasa na vyandarua vya kivuli vinakufa kwa sababu ya udongo uliochanganywa na mtu mwenye haraka.

Sasa sikilizeni tofauti ya kazi zetu. Mbegu ya mgrevilea ni nyepesi mno, ukipiga chafya umepoteza kitalu, lakini ukiisia ikiwa mbichi inaota haraka na kwa wingi. Zuhura alikuwa anasia, anafunika kidogo, anaimba, na baada ya muda mfupi tuta lake lote ni kijani. Mringaringa hauko hivyo. Unaokota matunda yaliyoiva, yananata kama gundi, unayaloweka, unayasugua na mchanga mpaka vidole vinakufa ganzi, unaosha, unaanika kivulini wala si juani, unasia, halafu unasubiri. Unasubiri mpaka wenzako wanaanza kukuonea huruma. Mzeituni wa porini ndiyo usiseme. Ule ukiota, unakutazama kwanza kama unafikiria kurudi ndani.

Mvua zikianza, wananchi walikuja na mikokoteni ya punda. Wakifika getini swali lao lilikuwa moja: "Mama Kivuli yuko wapi?" Hilo ndilo jina walilompa. Shule zilitaka migrevilea yake, kanisa, msikiti, zahanati, mnada wa ng'ombe. Mimi nilisimama kwenye tuta langu nimeweka miche mistari mizuri, nikawaita, "Njooni, nina miringaringa. Kivuli, mbao, nyuki, vyote vimo." Wananiuliza, "Mama, itatupa kivuli lini?" Nikiwaambia ukweli, wanatikisa kichwa kwa adabu na kwenda kwa Zuhura. Yeye aliitwa Mama Kivuli. Mimi niliitwa "yule mwingine, mrefu."

Afadhali angekuwa mtu mbaya. Mtu mbaya unamwonea wivu kwa raha, hata majirani wanakusaidia. Zuhura hakuwa na baya. Alikuja kazini na chupa ya chai ya tangawizi, na kikombe cha kwanza alimimina cha Mzee Gwandu, cha pili changu, yeye akanywa kilichobaki chini kwenye machicha. Nikiugua alinimwagilia miche yangu, na nikirudi naikuta imenawiri kuliko nilivyoiacha. Hata hilo lilinichoma.

Kisha siku moja mume wangu, Mungu amrehemu, alirudi nyumbani kwa baiskeli akiwa amefunga mche nyuma kwa kamba ya mpira. Aliutua uani kwa uangalifu.

"Mama Safari, nimepata mche mzuri sana," akasema. "Zuhura mwenyewe amenichagulia."

Niliuangalia ule mgrevilea, nikamwangalia yeye.

"Mkeo anaotesha miti," nikamwambia.

"Najua. Lakini mimi nataka kukaa kivulini nikiwa hai."

Sikumpikia siku ile, akala viazi baridi bila kulalamika, na mti akaupanda. Bado upo. Ndipo ninapokaa kuandika haya, maana jua la mchana hapa halina adabu, na mringaringa wangu nilioupanda wiki ile ile kwa hasira niliuweka upande wa choo.

Msidhani sikuwahi kuwa na ushindi wangu. Kuna wakati tulitakiwa kuotesha migunga kwa ajili ya vijiji vya wafugaji kule chini kwenye mbuga. Mbegu za mgunga zina ganda gumu. Nilizimwagia maji ya moto, nilizikwaruza kwa msasa, zikaota mbili tatu kwa kunidhihaki. Nikashuka mwenyewe kuomba ushauri. Mama mmoja wa Kibarbaig, amevaa sketi yake ya ngozi na bangili mpaka kwenye kiwiko, alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika mkono mpaka kwenye zizi lake la mbuzi. Akafukua samadi kwa fimbo, mbegu zikaonekana.

"Mbuzi wangu wanakula haya maganda tangu zamani," akasema. "Wewe unachemsha nini? Hapa zimeshachemshwa tumboni."

Nikajaza gunia. Mbegu za zizini ziliota mpaka Mzee Gwandu akaacha uji wake kuja kutazama. Wiki nzima nilitembea kichwa juu. Wiki iliyofuata ikaja lori kutoka Dongobesh kuchukua migrevilea ya Zuhura, lori zima, na migunga yangu ikasahaulika.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, yaani kilima cha chemchemi hapa juu ya kijiji chetu. Wengi wenu mnakijua kwa sababu ya yaliyotokea juzi juzi, lakini hamjui kilivyoanza.

Zamani kilima kile kilikuwa msitu. Watu walikata mbao, wakachoma mkaa, wakalima mpaka karibu na maji, na chemchemi ikaanza kupungua. Ofisi ikatuambia turudishe miti. Upande wa kushoto wa maji akapewa Zuhura, ili wanawake wanaosubiri ndoo wapate pa kukaa. Upande wa kulia nikapewa mimi, nirudishe msitu wa asili. Nilijua hii ndiyo nafasi yangu. Mti wa uani unasahaulika, lakini msitu haufichiki. Nilitaka watu wakisimama barabarani waonyeshe kwa kidole waseme, pale ni kwa Paulina. Nilikitaka kilima kile kuliko nilivyowahi kutaka kitu kingine chochote katika kazi.

Migrevilea ya Zuhura ilishika kama magugu. Upande wangu nilipanda, ukakauka. Nikapanda tena, baridi ya mwezi wa saba ikaunguza majani yote. Nikapanda mara nyingine, ng'ombe wakavunja uzio. Nilibeba maji kwa ndoo, nilifunga nyasi kwenye kila mche kuukinga na jua, nililala nikiota majani. Mwisho wa yote ulibaki mringaringa mmoja, uliojificha nyuma ya mawe makubwa. Kwingine kote nyasi tu, zinapeperuka na upepo mchana kutwa. Kando yake, migrevilea ya Zuhura imesimama mistari, na wanawake wamekaa chini wanasuka ukili na kucheka.

Nikasema migrevilea ndiyo inayoninyang'anya maji. Nilisema ofisini, nilisema jumuiya, nilisema harusini. Mzee Gwandu wakati ule ameshazeeka, akaniambia, "Paulina, inakunywa, kweli. Lakini miche yako haijafa kwa kiu peke yake. Imekufa kwa jua na upepo. Msitu haukuzoea kuzaliwa uwanjani." Nilimsikia. Sikupenda, kwa hiyo nikaendelea kusema yangu.

Kuna jambo moja ambalo hakuna aliyelitilia maanani, si mimi, si Zuhura, si ofisi. Ninyi mnajua desturi yetu: mahali pa kukaa watu panafagiliwa. Mtu mwenye mti uani na majani yamelala chini anahesabiwa mvivu. Basi wanawake wa maji kila Jumamosi walikuja na mafagio ya vijiti, wakafagia chini ya migrevilea mpaka udongo unang'aa, wakachoma majani pembeni. Kilichoota kimeng'olewa, kilichoanguka kimezolewa. Viongozi wakipita wanatusifu, "Hapa pasafi kweli kweli." Tulikuwa tunafagia msitu kila wiki na kujivunia.

Baadaye likaja bomba. Maji yakashushwa mpaka katikati ya kijiji, na hakuna tena aliyekuwa na sababu ya kupanda kilimani na ndoo. Mafagio yakabaki nyumbani. Majani ya migrevilea yakaanguka, yakalala pale pale, mwaka huu juu ya mwaka jana. Mimi nikastaafu, Zuhura akastaafu, akarudi Katesh kukaa na wanawe, na kilima nikaacha kukitazama. Nikienda kanisani nilikuwa napita njia ya chini kwa makusudi.

Halafu matope yakashuka kutoka Mlima Hanang mpaka Jorodom. Sitaeleza siku ile, waliofiwa wapo na wanasoma. Nitasema tu kwamba baada ya hapo kila mtu alianza kutazama miteremko kwa jicho lingine. Ghafla miti ya asili ikawa habari. Wakaja watu wa mradi, zikaja semina, na agizo likafika kijijini: miti ya kigeni iondolewe kwenye vyanzo vya maji, ya asili irudishwe. Na kwenye mkutano wa kwanza mwenyekiti wa kijiji akasema, "Tunaye mtaalamu wetu hapa hapa, Mama Safari. Atatuongoza."

Vijana, sijui kama mmewahi kusubiri kitu mpaka mkaacha kukisubiri, kisha kikaja na kubisha hodi. Nilienda nyumbani nikachemsha chai nikasahau kuweka majani. Migrevilea ya Zuhura itakatwa, na watakaokata wataniuliza mimi waanzie wapi.

Afisa misitu wetu sasa ni Neema, binti mdogo mwenye heshima, mnamjua. Tulipanda wote kilimani kuweka alama kabla ya mkutano wa kupitisha kazi. Yeye alibeba kipimo na maji ya kunywa. Kopo la rangi nyekundu nililibeba mimi, na alipotaka kunisaidia nilikataa. Nilipaka mti wa kwanza alama kubwa, nikapaka wa pili, mkono unakwenda wenyewe kwa furaha.

"Mama," Neema akaniita kutoka ndani zaidi. "Hebu njoo. Hii si ndiyo ile miche yako uliyonisimulia?"

"Miche yangu ilikufa. Paka rangi twende."

"Basi njoo uniambie hii ni nini."

Nikaingia. Chini palikuwa laini, majani yamerundikana mpaka kwenye kifundo cha mguu. Na katikati ya majani yale ilisimama miche. Mmoja ulinifika gotini, mwingine kiunoni, mwingine ulikuwa mdogo bado ukiwa na majani mawili tu. Nilipapasa jani moja pana, likanikwaruza kiganja. Hakuna jani jingine linalokwaruza vile. Mringaringa. Pembeni yake mzeituni wa porini, jani jembamba, nyuma lina rangi ya dhahabu kavu. Halafu mringaringa mwingine, na mwingine, mpaka nikaacha kugeuza kichwa.

"Nani amepanda?" Neema akauliza.

Juu yetu hondohondo walikuwa wanapiga kelele zao. Nikawatazama. Wakaruka, mabawa yanavuma, wakavuka nyasi za upande wangu bila kutua, kwa sababu hapakuwa na pa kutua, wakaenda mpaka kwenye yale mawe makubwa. Kwenye mringaringa wangu ule mmoja. Wakala. Wakarudi kukaa juu ya migrevilea mirefu ya Zuhura, wamestarehe, wakajisaidia, na mbegu zikaanguka chini kwenye majani.

Nikaelewa yote mara moja. Mbegu zilikuwa zangu. Mizeituni ilitoka kwenye miti mikongwe ya kule juu mgongoni, lakini miringaringa ile ilikuwa yangu, ya mti niliousugulia mbegu kwa vidole hivi. Na ilikuwa imekataa kukaa kwangu, ikaenda kukulia kwake.

Niwaambie nilivyojisikia, maana najua mnategemea niseme nilifurahi. Sikufurahi. Nilijisikia kama mwanamke aliyehangaika kutwa kutafutia watoto wake chakula, jioni akawakuta wanakula kwa mke mwenza, wameshiba, wamepakwa mafuta, na wanamwita yule mama.

Neema alikuwa ameinama anapima. "Mama, hii tukikata migrevilea yote kwa mara moja, jua litaiua," akasema. "Na magogo yatailalia. Chuoni tulifundishwa kufungua mwanga taratibu, mti mmoja mmoja. Lakini agizo linasema tuondoe yote." Akaniangalia. "Wewe unasemaje? Nikiandika ulivyosema wewe, ofisi haitabisha."

Brashi ilikuwa mkononi mwangu, inadondosha rangi kwenye kiatu. Ningesema kata, misumeno ingekuja wiki ile ile. Hakuna ambaye angenilaumu, maana agizo lilikuwepo. Miche michanga hakuna aliyeiona isipokuwa sisi wawili. Zuhura angebaki bila kivuli chake, na mimi ningebaki bila watoto, tungekuwa sawa. Msinifikirie vibaya, au mnifikirie mnavyotaka: nilisimama pale nikilipima jambo hilo, na kwa muda lilikuwa linanipendeza.

Ila wakati nafikiri, mkono wa kushoto ulikuwa umeshainama kumtoa kiwavi kwenye jani la mringaringa ule wa kiunoni. Ulifanya bila kuniuliza. Miaka yote ile ya kitalu, mkono ukiona kiwavi haungoji mwenye mkono. Nikamtupa yule mdudu, nikamwambia Neema, "Funika kopo."

Mkutano ulijaa. Zuhura aliitwa kutoka Katesh, akaja na ushungi wake wa maua na chupa ya chai, akakaa nyuma akinyoosha magoti yanayomsumbua. Vijana walimwamkia shikamoo mstari mzima, akaitikia mmoja mmoja na kuwauliza mama zao. Alijua amekuja kusikia miti yake inahukumiwa. Alinipungia mkono tu.

Nikasimama, nikasema migrevilea isikatwe.

Kukawa na minong'ono. Mzee mmoja akanyoosha fimbo. "Mama Safari, samahani. Si wewe uliyetuambia miaka yote kwamba hiyo miti inatunywea maji?"

"Ni mimi. Na inakunywa. Nimesema isikatwe leo, sijasema isikatwe kabisa."

Nikaeleza. Nawaeleza na ninyi, maana kazi hii itabaki kwenu. Kivuli cha mgrevilea kinalea mche wa asili unapokuwa mchanga, kinaukinga na jua na upepo na baridi, na ndege wanapata pa kukaa. Lakini mche ukifika kimo cha mtu, kivuli kile kile kinaanza kuubana, na mizizi ya mkubwa inamnyima mdogo maji. Hapo ndipo mnapokata, na mnakata ule tu unaoubana mringaringa uliokwisha kusimama. Mnangoja mvua za kwanza, ili mche ukipigwa na jua usiwe na kiu. Mnaanza na matawi kutoka juu, mnayashusha kwa kamba, shina mwisho, lisije likalala juu ya watoto. Vichipukizi vya mgrevilea vinavyoota vyenyewe mnang'oa. Na mafagio msipandishe kilimani kamwe. Mkitaka usafi, fagieni kwenu.

Mwenyekiti alipiga meza kwa furaha. "Kumbe Mama Kivuli alitulelea msitu na sisi hatujui! Tumpigie makofi!"

Wakapiga. Zuhura akasimama kwa shida, anashika kiti cha mbele. "Jamani, mimi nilipanda pa kukaa tu," akasema. "Hiyo miche ni ya Paulina. Mti uliozaa ni wa kwake. Mimi ni yaya."

Wakapiga makofi tena, makubwa kuliko ya kwanza, kwa unyenyekevu wake. Mnaona shida ninayoishi nayo? Tangu siku ile kilima kinaitwa Msitu wa Mama Kivuli. Wameandika mpaka kwenye kibao.

Mvua za mwaka huu zilipoanza, Neema akaniambia muda umefika. Miringaringa kadhaa ilikuwa imenipita hata mimi, na si kila kitu kinanipita. Vijana walipanda na kamba na misumeno. Zuhura alikuja na bodaboda mpaka mwisho wa njia, wakambeba kumalizia mlima.

"Tuanze na upi?" Neema akamwuliza yeye, kwa heshima, kwa kuwa ni miti yake.

"Muulize Paulina," akasema.

Nilichagua ule mkubwa wa karibu na maji, wa kwanza kabisa aliowahi kuupanda pale. Chini yake ndipo ulipobanwa mringaringa wangu mrefu kuliko yote, kwa hiyo sababu ya kazi ilikuwepo. Sababu nyingine ni kwamba ndio ulikuwa mzuri kuliko yote, na mlio wa mti wake ukianguka nilikuwa nimeusubiri tangu nikiwa na meno yote. Nikajiweka mahali pazuri pa kumwona usoni. Nilitaka kumwona mara moja tu amesimama nilipokuwa nasimama mimi, akitazama kazi yake inalala chini.

Matawi yakashuka. Shina likalia, likaegemea upande wa nyasi kama lilivyopangwa, likaanguka. Pakafunguka tundu kubwa juu, jua likaingia moja kwa moja mpaka kwenye kilele cha mringaringa, majani yakang'aa kwa maji ya mvua.

Nikamwangalia Zuhura. Alikuwa ameweka kiganja juu ya macho kujikinga na jua, mdomo wazi. Akaanza kucheka. Alicheka kama msichana, akanivuta mkono wa koti.

"Paulina, ona! Ona urefu wake! Kama wewe!"

Hakuutazama ule ulioanguka hata kidogo. Aliketi juu ya shina lake, likiwa bado linatoa maji, akafungua chupa. Mzee Gwandu hayupo tena, kwa hiyo kikombe cha kwanza kilikuwa changu. Nilikunywa, tangawizi imekolea vizuri, na nikaona kabisa kwamba hata kukatiwa miti anajua kuliko mimi.